Kaa Lisilo Moshi

Atakaye kuchoma mishikaki mezani mbele ya wageni, mimi namshauri achague makaa ya Kijapani yaitwayo binchotan. Asili yake ni mti mgumu wa jamii ya mwaloni, na sifa kubwa ni ya mkoa wa Wakayama. Tanuri hupita nyuzi 1,000 za Sentigredi, kisha kaa huzimwa kwa mchanga na jivu. Gonganisha vipande viwili: vikilia kama chuma, ndivyo. Chenye tundu katikati aghalabu ni unga wa mbao ulioshindiliwa.

Hushika moto kwa taabu, hudumu sana, na moshi wake haba. Lakini kimya kina mshindo, ndugu zangu. Moshi humfukuza mtu. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Basi, fungueni madirisha kwanza.