Maranda ya Tunduma ni malighafi

Naomba niulete kwetu Songwe mjadala wa kutumia mabaki ya mbao kama malighafi. Pita karakana yoyote ya seremala hapa Tunduma jioni: maranda ya paini yamejaa chini ya meza, na nje yanachomwa, moshi mtaa mzima. Karibu robo ya mti huo au zaidi ni lignini, kinachoshikanisha nyuzi zake. Imejengwa kwa pete za kaboni za jamii ya fenoli, ambayo leo viwanda huipata hasa kutoka kwenye mafuta ghafi ili kutengenezea gundi ya plaiwudi na plastiki ngumu ya vishikio vya sufuria. Nchini Norway, kampuni ya Borregaard inatengeneza vanilini, kiungo cha ladha ya vanila, kwa lignini miaka mingi sasa, kwa hiyo kutengeneza bidhaa kwa lignini kunawezekana.

Ugumu upo. Kuivunja lignini kunataka joto kali na vichocheo, na kinachotoka ni mchanganyiko ulio ghali kuutenganisha. Ndiyo maana viwanda vya karatasi vinavyochemsha mbao kwa kemikali huichoma tu ndani ya maji meusi mazito yanayobaki, kupata mvuke.

Ushauri wangu: tusikimbilie plastiki. Tuanze na gundi ya plaiwudi, ambako lignini huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya fenoli bila kuvunjwa sana. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya, tafadhali chukueni maranda yetu na maganda ya kahawa ya Mbozi, myapime, mtuletee majibu. Mafundi tuko tayari kuyakusanya.