Kipupwe si Kifungo cha Mgonjwa wa Moyo
Kipupwe kiingiapo hapa Kanyangi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi hugubikwa na mawingu, nasi wenye maradhi ya moyo hushawishika kujikunyata jikoni kutwa. Nilifanya hivyo miaka mingi. Nilichovuna ni pumzi fupi na miguu mizito.

Ni kweli, baridi hubana mishipa ya damu, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Lakini dawa yake si kulala. Daktari akiridhia, mgonjwa na atembee jua likishapanda, avae sweta, aanze polepole, na akome papo hapo kifua kikimbana.

Walimu wenzangu, miongoni mwa wanafunzi wetu wamo walioharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Tusiwalazimishe mchakamchaka wa alfajiri, wala tusiwafungie darasani wenzao wakicheza. Tuulize daktari amewaruhusu nini.

Nanyi wanafunzi, msikose sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne mliyoandikiwa, wala msione haya kusema, "Mwalimu, nimechoka." Mwalimu asikiaye hayo asiyaite uvivu.