Mfiwa Aachwe Atembee



Msiba ukitokea huku kwetu, iwe Litembo milimani au Lituhi ufukweni, mfiwa haachwi peke yake. Turubai linafungwa, kuni zinaletwa, akina mama wa WAWATA wanapika, Jumuiya inaimba na kusali rozari hadi usiku wa manane. Ni jambo jema, wala hatutaki lipungue. Lakini baada ya siku chache matanga yanaanuliwa, masufuria yanarudishwa kwa wenyewe, na mfiwa anabaki na nyumba yake. Kwa mfrateri mambo ni mafupi zaidi. Anapewa ruhusa, anakwenda kumzika mama yake, na wiki inayofuata yuko darasani, daftari la falsafa liko wazi mbele yake na hasomi chochote. Tunamwambia ajikaze. Akionekana jioni anatembea peke yake kuelekea mashambani, tunaanza kuulizana kama wito wake uko salama.

Sisi tunaona aachwe atembee.

Tusome tena Mathayo sura ya 14. Yohane Mbatizaji ameuawa gerezani, wanafunzi wake wamemzika, kisha wamempelekea Yesu habari. Yesu hakukaa kupokea rambirambi. Alipanda mashua akaenda mahali pasipo na watu. Makutano walimfuata kwa miguu, naye akawahurumia, akawaponya wagonjwa wao na kuwalisha. Lakini walipokwisha kuondoka alipanda mlimani peke yake, na usiku ukamkuta huko. Mashua, ufuko, mlima: sisi wa Mbinga tunavyo vyote vitatu, na kutoka mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 tu za kuteremka.

Wapo wanaohofia kwamba hii ni njia ya kurudi kwenye matambiko ya chini ya mti. Tunaiheshimu hofu yao, ila mfiwa anayeketi juu ya jiwe akitazama maji haliombi jiwe kitu. Wengine wanasema kutembea bila shughuli ni mtindo wa wazungu. Hao hatuna la kuwajibu, isipokuwa kwamba Bwana wetu hakuwa mzungu.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba mandhari ni dawa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha nne cha Maungamo yake, anasimulia kifo cha rafiki yake wa ujana kule Thagaste, na anakiri kwamba hata vichaka vyenye kivuli kizuri havikumtuliza; mwishowe aliuhama mji akaenda Karthago. Mama yake Monika alipofariki Ostia mwaka 387, alikwenda kuoga kwa kuwa alisikia maji huondoa huzuni. Akatoka na huzuni ileile. Kilichomsaidia kidogo ni usingizi, na baada ya hapo machozi.

Ziwa Nyasa basi litatufanyia nini ambacho maji ya Ostia hayakumfanyia Augustino? Tunadhani faida yake ni ndogo lakini ni ya kweli: halihoji. Chini ya turubai mfiwa husimulia ugonjwa wa marehemu mara nyingi kwa siku, kila kundi jipya linapoingia. Ziwa halimuulizi marehemu aliumwa nini wala alilazwa wapi. Wavuvi wanarudi asubuhi, dagaa wanaanikwa, mawimbi yanakuja. Mwanzoni jambo hilo linauma, kuona dunia haikusimama. Baadaye mtu anagundua kwamba amekaa saa nzima na amevuta pumzi vizuri.

Kwa walio wengi, lakini, faraja ya viumbe haiji kwa kuketi. Inakuja kwa jembe. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, ambacho wageni wamekuja kukisomea: mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, hupangwa katika miraba kwenye mteremko, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika. Shimo linashika maji, nyasi zinaoza chini ya udongo, na maharage yanapandwa juu yake. Mahindi yanafuata msimu mwingine. Kwa desturi mwanaume hufyeka na kupanga nyasi, mwanamke hufunika na kupanda. Kwa hiyo mjane akifika shambani nafasi ya mumewe anaiona kwa macho: nyasi zimesimama, hakuna aliyezifyeka. Shamba hilo linaweza kumponya na linaweza kumvunja. Jumuiya ikifika siku hiyo na mafyekeo, ikafyeka na kumwachia yeye udongo na mbegu, itakuwa imemfariji kuliko bahasha.

Jambo moja tuliangalie sana. Wapo ambao ziwa ndilo lililowaletea msiba. Maji haya ni yaleyale yaliyoizamisha meli ya Vipya mwaka 1946, na mitumbwi bado inazama pepo zinapochafuka. Mama aliyepoteza mwana majini asipelekwe ufukweni kwa jina la faraja. Mpandisheni juu, kwenye kahawa, hasa mvua za kwanza zinapoanza na maua meupe yanapotoa harufu. Wakati huo mara nyingi ni Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu wetu, na makaburi yenyewe yanahitaji kufyekwa.

Kwa Baba Gombera na walezi tuna ombi. Mfrateri aliyefiwa apewe alasiri zake za kutembea kwa mwezi wa kwanza, bila kuandikiwa kwamba ametega michezo. Akipita majuma hali wala halali, hapo aonane na padre na daktari, maana matembezi hayatoshi. Na mwenzake mmoja awe anamfuata kwa nyuma kidogo, asiyelazimika kusema chochote.