Fundi na Familia: Plakete za breki hazichaguliwi kwa bei

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja anayeishi Kigali na watoto wake.

Anasema kijana wake mkubwa amenunua baiskeli ya milima, ya mtumba, ile yenye diski kwenye magurudumu. Mchana anapelekea watu mizigo, na asubuhi anambeba mdogo wake kwenda shule, amekaa nyuma kwenye keria. Sasa breki zimeanza kulia, na mkono wa breki unakaribia kugusa usukani. Mama akaenda dukani. Muuzaji akamwekea pakiti mbili mezani, moja bei ya chini, nyingine karibu mara mbili yake. Mama akauliza: "Mwanangu, zinatofautiana nini?" Kijana akajibu: "Mama, zote ni breki tu, chukua hiyo ya rahisi."

Mama hakununua. Alirudi nyumbani, akamwambia mtoto wake aangalie kile chuma cha diski, akanakili kwenye karatasi maandishi ya kizungu aliyoyaona pale: RESIN PAD ONLY. Anauliza: ninunue ipi?

Mama, umefanya vizuri sana. Karatasi yako ina jibu ndani yake. Lakini twende pole pole, maana swali hili ni la familia nyingi.

TUELEWANE KWA MAJINA

Wengine tunasema breki, wengine feri au freni kama tulivyozoea Kongo. Ni kitu kile kile. Baiskeli zetu za zamani, zile kinga za chuma, zinabana rimu kwa raba. Baiskeli ya diski ni tofauti. Katikati ya gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, hiyo ndiyo diski. Pembeni yake kuna kibano, wanakiita kalipa. Ndani ya kalipa kuna vipande viwili vidogo, hivyo ndivyo plakete, au pedi za breki. Kila plakete ni bamba la chuma lililobandikwa kitu kigumu cheusi au cha rangi ya kutu. Ukivuta breki, vipande viwili vinaibana diski huku na huku. Kila mara ukibana vinalika kidogo, kama raba ya kufutia ya mtoto wa shule, mpaka siku moja vinaisha.

KWA NINI HAPA SI MAHALI PA KUBAHATISHA

Mnakumbuka mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walipitishwa Mlima Kigali. Kipande kile cha kupanda kina kilometa 5.9, na kila mita 100 unapanda karibu mita 7. Jumla ni kama mita 400 kwenda juu. Sisi tulikuwa tunawashangilia wakipanda. Lakini fundi yeyote atakuambia kupanda kunachosha tu, kushuka ndiko kunakoua.

Hebu tufanye hesabu. Kijana, baiskeli yake na bidoni ya lita 20, sema ni kilo 100. Akishuka mita 400 taratibu huku ameshika breki, ile nguvu ya mteremko haipotei, inageuka kuwa joto. Joto hilo linatosha kuchukua lita moja ya maji ya bomba na kuyafikisha kwenye kuchemka! Na lote linapita kwenye plakete nne ndogo na diski mbili. Ukiongeza mtoto kwenye keria, joto nalo linaongezeka. Sasa unaona kwa nini plakete si kitu cha kuambiwa "zote ni sawa tu".

JAMBO LA KWANZA: UMBO

Usiende dukani mikono mitupu. Toa plakete ya zamani, ifunge kwenye karatasi, nenda nayo. Maumbo ni mengi mno. Kuna za duara, kuna zenye sikio juu, kuna za pembe nne, kuna zenye tundu la pini katikati na nyingine pembeni. Hata kampuni moja kama Shimano ina maumbo mengi. Weka ya zamani juu ya mpya, bamba kwa bamba. Tundu likae juu ya tundu, sikio juu ya sikio. Ikikataa, acha. Muuzaji akisema "tutaipiga msasa kidogo itaingia", mshukuru, ondoka. Plakete iliyolazimishwa inaweza kukwama au kuchomoka, na itachagua kufanya hivyo kwenye mteremko, si kwenye tambarare.

JAMBO LA PILI: IMETENGENEZWA KWA NINI

Hapa ndipo pakiti mbili za mama zinapotofautiana. Soma maandishi ya pakiti, hata kama Kiingereza hukijui, linganisha herufi tu.

Ukiona RESIN au ORGANIC, hizo ni plakete laini, za rezini. Zinashika vizuri tangu mwanzo zikiwa baridi, hazipigi kelele nyingi, hazili diski haraka. Ubaya wake ni kwamba zinaisha upesi kwenye tope na mvua, na zikipata joto sana kwenye mteremko mrefu zinaanza kuteleza. Unavuta na unavuta, baiskeli haisimami.

Ukiona METAL au SINTERED, hizo zina unga wa chuma uliogandamizwa kwa moto. Zinavumilia joto, mvua, tope na mzigo. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, mwenye plakete hizi anaona faida yake. Ubaya wake zinalia zaidi, zikiwa baridi hazishiki haraka sana, na ni ngumu, kwa hiyo zinaila diski.

Kwa mtu wa milima na mizigo, ungesema basi nichukue za chuma, si ndiyo? Ngoja kwanza. Diski nayo ina haki ya kusema.

JAMBO LA TATU: DISKI INASEMA NINI

Diski nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa chuma laini. Ndiyo maana kiwanda kimeandika RESIN PAD ONLY, maana yake: plakete za rezini peke yake. Ukiweka za chuma juu ya diski hiyo, zitaikwangua na kuimaliza kabla ya wakati. Diski ikilika inakuwa nyembamba, inapata moto upesi, inaweza kupinda. Nyingi zina alama nyingine inayosema unene wa mwisho. Kwa diski za Shimano ni milimita 1.5. Ikifika hapo, plakete yoyote mpya ni pesa iliyotupwa, badilisha diski kwanza.

Kwa hiyo mama, jibu lako ni hili. Kwa diski uliyo nayo, nunua za rezini. Kama pakiti ya bei ya chini imeandikwa RESIN na umbo linalingana, hiyo ndiyo yako. Muuzaji alikosea sababu, lakini mkono wake ulionyesha pakiti sahihi! Ile ya ghali, kama ni ya chuma, ingekula pesa yako na diski pia. Ghali si dawa ya kila kitu, na rahisi pia si dawa. Ila angalia rahisi isiwe ile isiyo na jina la kiwanda wala maandishi yoyote. Hiyo hata kwa bure usiichukue.

Na kama diski haina maandishi kabisa? Shika njia ya salama, weka rezini. Siku mkipata pesa ya diski ngumu inayokubali plakete za chuma, mnabadilisha vyote pamoja.

NITAJUAJE ZIMEISHA?

Pima ile sehemu nyeusi peke yake, usihesabu bamba. Ikibaki chini ya milimita moja, muda umefika. Huna kipimo? Chukua laini ya simu ile kubwa ya zamani, au kadi ya benki. Unene wake ni kama robo tatu ya milimita. Kama sehemu nyeusi imelingana nayo, usingoje mwisho wa mwezi. Ukisikia chuma kinasaga chuma, baiskeli isitoke nyumbani.

Lakini kulia peke yake si lazima ziwe zimeisha. Mara nyingi ni mafuta. Jameni, mafuta na breki ni maadui! Kuna vijana wanasikia breki inalia wanatia mafuta ya kupikia au ya cherehani ili inyamaze. Itanyamaza kweli, na kusimama pia haitasimama. Hata mikono yenye mafuta ya kujipaka usishike nayo uso wa plakete wala diski. Diski iliyochafuka inafutwa kwa kitambaa safi na spiriti. Plakete iliyokunywa mafuta haifuliki, itupwe.

SIKU YA KUZIFUNGA

Badilisha zote mbili za gurudumu moja, usichanganye mpya na kuukuu. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo, na watoto wasiwe karibu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Kama breki ni za mafuta badala ya waya, usivute mkono wa breki wakati plakete zimetoka, pistoni zitasukumwa nje. Zirudishe ndani pole pole kwa kitu bapa cha plastiki au mbao, si bisibisi. Kama ni za waya, kaza waya mpaka mkono wa breki usimame mbali na usukani, halafu zungusha gurudumu uone kama diski inapita bila kukwama.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Plakete mpya haishiki sawasawa siku ya kwanza! Inabidi izoeane na diski. Tafuta mahali tambarare pasipo magari. Endesha mwendo wa wastani, shika breki mpaka ukaribie kusimama, lakini usifunge gurudumu, achia, rudia. Fanya hivyo mara 20 hadi 30, breki ya mbele kisha ya nyuma. Utasikia mwenyewe inaanza kushika. Kabla ya hapo hakuna mteremko, hakuna mzigo, na hakuna mtoto kwenye keria.

NENO KWA KIJANA WETU

Mwanangu, wewe unayetafutia nyumba mkate, tunakuheshimu. Ila plakete ulizo nazo ni za rezini, na umeshaelewa joto linazifanya nini. Mteremko ukiwa mrefu, punguza mwendo mapema, bana na kuachia, usishike mfululizo tangu juu mpaka chini. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini usiivute kwa kushtukia. Ukiona mkono unaanza kulegea au unasikia harufu ya kuungua, simama pembeni, subiri zipoe. Usimwagie diski maji, na usiiguse, inaunguza kama sufuria.

Na pale penye mteremko mkali, mdogo wako ashuke, mtembee kwa miguu wote wawili. Ni dakika chache tu. Mwalimu atawasamehe kuchelewa. Mama yenu ameshavuka mengi na ninyi, msimwongezee safari ya hospitali kwa sababu ya kipande kidogo kama kidole gumba.

Wazazi wengine, msiseme "mimi si fundi". Mama huyu naye si fundi. Alishika pesa yake, akauliza, akanakili maneno matatu kwenye karatasi. Hayo matatu yamemlindia pesa na pengine mtoto. Leo jioni iteni vijana wenu, geuzeni baiskeli miguu juu, someni kilichoandikwa kwenye diski.

Mkiwa na swali la taa, jiko, redio au chochote kinachoharibika nyumbani, tuleteeni. Mpaka mwezi ujao, mwenda pole hajikwai. Mungu awalinde barabarani.