Punda Si Mjinga, na Kufuli Si Elimu

Ningepewa uwezo wa kufuta methali tatu za Kiswahili, nisingehangaika kuzitafuta. Ya kwanza ni "Punda haendi ila kwa kigongo." Ya pili ni "Asante ya punda ni mateke." Ya tatu, mbaya kuliko zote, ni "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Zote tatu zilitungwa na mwenye mzigo. Hakuna hata moja iliyotungwa na mwenye mgongo.

Nimefundisha miaka mingi, na nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Muda huo wote nimesikia walimu wakimwita "punda" mtoto aliyeshindwa kujibu swali. Nasema walimtukana mtoto, na walimtukana punda pia.

Ninaye punda jike, jina lake Hodari, anayenibebea maji na kuni. Banda lake lina komeo. Komeo hilo hulinyanyua kwa mdomo wa juu, akalisukuma pembeni, akatoka. Nikafunga kamba juu ya komeo; akalitafuta fundo kwa midomo na kulifungua. Nikapitisha miti mitatu mlangoni. Akaanza na ule wa chini, akausukuma kwa bega mpaka ukachomoka, kisha akainama na kupita. Ndugu msomaji, huyu ndiye mjinga wa methali zetu!

Majirani walinishauri kwa nia njema. Wa kwanza alisema nimfunge miguu ya mbele kwa mnyororo. Wa pili alisema nimchape kila asubuhi mpaka asahau njia. Wa tatu alisema nimuuze kabla hajanifilisi kwa fidia ya mtama wa watu. Hakuna aliyeuliza swali ambalo kila mwalimu anapaswa kuliuliza kwanza: anakwenda wapi?

Nilifuata nyayo zake asubuhi tatu. Mara zote tatu nilimkuta mahali pamoja, amesimama nje ya boma lenye punda wawili, wamegusanisha pua kupitia kwenye miba. Mtama aliula njiani tu, kama msafiri anavyonunua muwa. Hodari hakuwa mwizi. Alikuwa mpweke.

Wataalamu wa mifugo wanalijua jambo hili. Punda hufanya urafiki na mwenzake mmoja, na urafiki huo hudumu miaka. Asili yake ni punda-mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, na binadamu alianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Mababu zake waliishi kwenye nchi kavu yenye mawe. Kwa hiyo akishtuka hakimbii ovyo kama farasi, bali husimama kwanza, akapima. Sisi tukiona amesimama tunasema ni mkaidi, tunachukua fimbo. Tunamwadhibu kwa sababu anafikiri!

Walimu wengi wanakijua kisa cha farasi Hans wa Berlin. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, naye alidai farasi wake anajua kujumlisha kwa kugonga kwato. Mwaka 1904 tume iliundwa kumchunguza. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake: Hans hakujua hesabu. Alikuwa akitazama jinsi kichwa na mwili wa muulizaji vilivyotikisika kidogo sana jibu lilipofika, ndipo akaacha kugonga. Watu wakasema, kumbe hana akili. Mimi nasema kinyume. Mnyama aliyeusoma mwili wa mwalimu kuliko mwalimu alivyojijua mwenyewe, nani kati yao alikuwa akimfundisha mwenzake? Na wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo kila siku. Hutazama uso wetu na fimbo yetu, wakatoa jibu tunalolitaka, nasi tukaandika kwamba wameelewa.

Najua nitapingwa. Mtu ataniambia: "Mzee, acha falsafa. Punda anayezurura usiku atachinjwa porini, ngozi yake iuzwe." Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Biashara ya ngozi, zinazochemshwa kutengenezea dawa ya kienyeji ya Kichina, imemaliza punda wengi Afrika, kiasi kwamba Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia barani kote. Punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja. Akiibwa leo hapatikani kesho. Kwa hiyo fungeni mabanda, hasa usiku. Lakini kufuli humzuia mwizi asiingie. Halimwondolei mnyama sababu ya kutaka kutoka. Anayechanganya mambo hayo mawili ni mlinzi wa gereza, si mfugaji.

Niliuza mbuzi wanne, nikamnunulia Hodari mwenzake. Komeo bado hulifungua mchana anapotaka, nadhani kwa kujifurahisha tu. Hutoka, hujigaragaza vumbini, na hurudi kusimama kando ya mwenzake. Mtama wa jirani umestawi.

Nawaambia wafugaji: fimbo iwekeni chini, mtazameni mnyama wenu kwa siku tatu. Na walimu, ambao ndio hasa ninaogombana nao, nawaambia hivi. Mwanafunzi akiruka ukuta, mnaitisha kikao mjadili kuongeza matofali. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Vilijua bei ya saruji, lakini havikujua jina la rafiki hata mmoja wa mtoto yule. Kabla hamjapiga hesabu ya ukuta mpya, mfuateni mtoto mjue anakokwenda. Mkishajua, huenda saruji hiyo ikatosha kujenga darasa.