Mpunga Wetu, Mchele wa Wengine



Kiswahili kimeujalia mmea mmoja majina matatu. Ukiwa shambani huitwa mpunga, ukishakobolewa huitwa mchele, ukifika sahani huitwa wali. Wiki hii tumeyatafakari majina hayo, kwa kuwa tumeona kwamba hapa Ipililo wengi wetu tunalimiliki lile la kwanza tu.

Mwezi wa pili tulimtembelea mama mmoja mjane. Majaruba yake yalikuwa yamejaa maji na miche ilikuwa imekwisha kupandikizwa, naye alikuwa akitoka dukani na kilo mbili za mchele. Tulipomwuliza habari za mavuno ya msimu uliotangulia, alijibu kwa upole kwamba mpunga ule uliuzwa kabla haujavunwa. Alikopa fedha za matibabu ya mtoto, na deni likalipwa kwa magunia, kwa bei aliyoipanga mkopeshaji.

Mtu asidhani kwamba taifa limekosa mchele. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, mpunga uliovunwa nchi nzima haukufika tani laki mbili. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulitulazimu kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Biashara ya nafaka ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mambo yalibadilika. Huku Usukumani bei ya pamba iliyumba, na mkulima akaigeukia mbuga yake, akaongeza majaruba. Shinyanga, mkoa uliotuzaa kabla Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, ukawa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mpunga. Kwingineko yalikuwapo mashamba ya umwagiliaji, kama Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na skimu ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Baadaye ikaja mbegu ya SARO 5. Kufikia mwaka 2010 mavuno yalikuwa zaidi ya tani milioni mbili na nusu za mpunga. Leo, katika Afrika ya Mashariki na Kusini, ni Madagaska pekee inayotutangulia, na mchele wetu unavuka mipaka kwenda Uganda, Rwanda na Kenya.

Ni kweli kwamba safari hiyo haikunyooka. Sehemu kubwa ya mpunga wetu bado hutegemea mvua, na mvua haina mkataba na mtu. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru ili bei ishuke mijini, nayo ikashuka hata ikamwumiza mkulima. Mwaka 2022 bei ilipanda tena, na mnunuzi akalia. Hata hivyo, ukitazama miaka sitini kwa pamoja, ghala la taifa limejaa kuliko zamani. Kinachotusumbua ni kwamba kihenge cha taifa na kihenge cha nyumbani si kitu kimoja.

Mavuno huja mwezi wa tano na wa sita, wakati kila mtu anauza, na bei iko chini. Gunia hushonwa kwa lumbesa, likabeba zaidi ya kilo mia moja ambazo sheria inaruhusu, nalo likalipwa kama gunia moja. Magunia hupakiwa kwenye lori yakiwa bado ni mpunga, na faida ya kukoboa na kupanga madaraja ikaondoka nayo, hata pumba ambazo zingelisha kuku wetu. Kisha mwezi wa kwanza na wa pili, jembe likiwa mkononi, mkulima yuleyule hununua mchele kwa bei ya mjini.

Sote tunaipenda habari ya Yusufu kule Misri, aliyeweka akiba katika miaka ya shibe. Lakini tuisome hadi mwisho. Njaa ilipozidi, watu walitoa fedha, kisha mifugo, hatimaye mashamba yao, kwa sababu ghala lilikuwa la Farao. Akiba iliwaponya, bali haikuwa mikononi mwao. Haitoshi, basi, kujua kwamba nafaka ipo. Imetupasa kuuliza ufunguo uko kwa nani.

Wazee wetu walilijua swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipochoshwa na mizani ya udanganyifu, waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 shirikisho lao la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Walianza na mizani tu.

Nasi tuanzie hapo. Kila jumuiya ndogo ndogo inunue mizani yake, na iwe na mahali pamoja pa kuhifadhi magunia machache ya kila kaya hadi bei ipande. Tunajua mtatuambia kwamba deni halingoji mwezi wa kwanza. Ni kweli, kwa hiyo mfuko wa kukopeshana lazima utangulie ghala, ili mgonjwa asitibiwe kwa mpunga ambao haujaiva.

Hapa nasi mapadre na viongozi wa parokia hatuna budi kujikosoa. Michango yetu huihimiza wakati gani, kama si wakati wa mavuno? Mara ngapi tumemsukuma mwamini auze kwa bei ya chini ili bahasha ijae? Tunapendekeza kwa Halmashauri ya Walei kwamba kuanzia msimu ujao mchango upokelewe kwa mpunga, ukapimwa kwa haki na kuwekwa ghalani pamoja na wa wengine, na Kanisa lingoje bei kama mkulima anavyongoja.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Tuhakikishe kibaba hicho ni chetu.