Uganda: Mashine za hospitali West Nile zahitaji wahandisi wa nyumbani

Mashine ya oksijeni inapoharibika katika wilaya ya Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, fundi hutazamiwa kutoka Arua, takriban kilomita 55 kusini. Huko ndiko iliko karakana ya kanda ya kukarabati vifaa tiba, inayohudumia eneo zima la West Nile, pamoja na vituo vinavyowatibu wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo.

Taaluma inayohitajika kuziba pengo hilo inafundishwa nchini. Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hutoa shahada ya kwanza ya uhandisi wa vifaa tiba. Kwa miaka minne mwanafunzi husoma mwili wa binadamu sambamba na hisabati na elektroniki, ili akielewe kifaa na amwelewe pia mgonjwa anayekitegemea.

Mkopo usiolisha

Kwa kijana wa Koboko, Makerere iko zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hufadhili masomo ya sayansi. Hata hivyo, mkopo huo hulipia ada, si chakula wala malazi. Hivyo mtoto wa mkulima anaweza kufaulu fizikia na kupata nafasi, kisha akakwamishwa na kodi ya chumba.

Hasara yake haiishii kwa familia moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu nchi 16 ulibaini kuwa takriban asilimia 38 ya vifaa vya hospitali vilivyochunguzwa havikuwa vikifanya kazi. Uganda yenyewe ilionja machungu hayo Aprili 2016, mashine yake pekee ya tiba ya mionzi, huko Mulago, ilipoharibika kabisa. Mbadala wake ulipatikana mwishoni mwa mwaka uliofuata.

West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya umeme wa kusuasua ambao ni adui wa vifaa hivyo. Umeme wa uhakika hufungua njia ya kuleta mashine zaidi, lakini mashine bila mhandisi ni mzigo. Ufadhili unaogharamia pia maisha ya mwanafunzi, ukiambatana na ajira katika hospitali za wilaya, ungempa kijana wa Koboko sababu ya kwenda Kampala, na sababu ya kurudi.